Uzi: Kisiwa chetu cha pili kinadai mtendaji wake. Tumkabidhi funguo zipi?

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Sisi ni Waswahili 34, wengi tuko ughaibuni, wachache Dar, Mombasa na Unguja. Tulichanga tukapata visiwa viwili ndani ya Second Life. Kwa ambaye hajafika, ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Si gemu la kushinda na kushindwa. Unaingia na avata yako, yaani umbo linalokuwakilisha humo ndani, unajenga, unauza, unapiga soga, unasikiliza muziki, na karibu kila unachokiona kimejengwa na wakazi wenyewe. Kisiwa kimoja ni mraba wa mita 256 kwa 256, na kinalipiwa kila mwezi kwa dola halisi za Marekani.

(Wenyeji huko hukiita "sim". Sisi tulishindwa. Ukisema umeacha kitu kwenye sim, mwenzio anakuuliza kwani simu yako ina droo? Tukabaki na kisiwa.)

Kisiwa cha kwanza tumekijenga kwa mfano wa Mji Mkongwe: vichochoro, baraza za kukaa, milango ya nakshi. Cha pili ni ufukwe, minazi, ngalawa na ukumbi wa taarabu. Tuna katiba ya kurasa mbili na baraza la watu watano tunalolichagua kila miezi sita. Upande wa kutunga kanuni hatuna shida. Shida ni nani anazitekeleza, saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani.

Mwezi uliopita msimamizi mmoja mwenye ruhusa za juu aliingia usiku akakuta kisiwa kizito, avata zinatembea kama zimekanyaga tope. Akaamua kusafisha. Akabofya kurudisha vitu vya mwenzetu fundi ambaye alikuwa amekwenda msibani. Milango 40 ya nakshi ikang'oka kwa sekunde moja. Kwa kawaida vitu hivyo huingia kwenye folda ya mwenyewe ya vilivyopotea, na vikirudishwa kwa mkupuo vingine huja vimefungwa pamoja kama robota la mitumba. Fundi alikaa siku nne kuipanga upya. Na msimamizi hakuvunja kanuni yoyote, kwa sababu hatukuwa na kanuni yoyote kuhusu jambo hilo.

Tangu hapo watu wa ufukweni wanasema hawataki tena kutawaliwa na Mji Mkongwe. Rasimu yao: kila kisiwa kichague Mtendaji wake, na juu yao awepo Mtendaji Mkuu. Baraza limenituma nitafute maoni kabla hatujapiga kura. Karibuni.

Nanga_Juu

Nimekaa siti ya mbele na kashata zangu.

Ndago

Mnagombea madaraka kwenye kisiwa kisichokuwepo? Bandugu, tafuteni kazi.

Kibatari

@Ndago salio lako la benki umewahi kulishika mkononi? Mbona likipungua unalia.

Mtendaji_Mstaafu

Niliwahi kuwa mtendaji wa kijiji miaka 11, hizo avata sizijui, ila hili la madaraka nalijua.

Mleta mada, rasimu yenu imechanganya watu wawili. Kwetu Bara mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na wanakijiji. Mtendaji hachaguliwi, anaajiriwa na halmashauri ya wilaya. Wananchi wakimkasirikia mwenyekiti wanamnyima kura. Wakinikasirikia mimi ilibidi wapande kwenda kwa mkurugenzi. Kuna siku jambo hilo lilikuwa baya, na kuna siku liliokoa fedha ya zahanati, kwa sababu mwenyekiti alitaka kuigawa kabla ya uchaguzi na mimi nilikuwa na sahihi yangu na mwajiri wangu mwingine.

Kwa hiyo kabla hamjaandika neno "Mtendaji", jibuni mawili. Nani anamwajiri? Nani anamfukuza? Mkisema ni watu wale wale wa kisiwa kile kile, basi hamjapata mtendaji, mmepata mwenyekiti wa pili.

BintiShangani

Na kwetu Unguja sheha hachaguliwi na shehia, anateuliwa na mkuu wa mkoa. Mkitaka kuiga Mji Mkongwe, igeni milango tu, hilo muache.

Mzee_wa_Matrah

Nimesoma nikatabasamu. Niko Muscat, nimo Second Life tangu 2007, nimeshuhudia tawala za namna hii zikizaliwa na kuzikwa. Niwape kwanza historia, kisha niwaambie rasimu yenu inavuja wapi.

Hili mnalojaribu lilijaribiwa huko huko tangu 2004. Kuna watu walijenga mji wa mtindo wa Bavaria kwenye nyanda za theluji, wakauita Neualtenburg, wakasema hapa hapatakuwa na mwenye kisiwa anayeamka na kufuta watu, tutajitawala wenyewe kwa kura. Baadaye mji ukabadilishwa jina kuwa Neufreistadt, wakaongeza Colonia Nova uliojengwa kwa mfano wa miji ya Kirumi, na jumuiya nzima ikajulikana kama Confederation of Democratic Simulators. Walikuwa na bunge la wawakilishi, walikuwa na chama cha mafundi waliojenga, na walikuwa na chombo walichokiita Baraza la Sayansi, ambalo ndilo lililolinda katiba na kuamua migogoro.

Angalieni kilichokosekana hapo. Mihimili mitatu, lakini hakuna serikali kwa maana ya mtu wa kufungua mlango asubuhi. Kazi za utekelezaji zilitawanyika, nyingine kwa mafundi, nyingine kwa wabunge. Ndiyo maana baadaye walilazimika kuunda ofisi ya Kansela. Bunge linaweza kupitisha azimio zuri kabisa kwamba kiwanja kisicholipiwa kirudishwe kwa jumuiya, lakini azimio halibofyi kitufe.

Sasa kuhusu kitufe. Humo ndani cheo si kitu, ruhusa ndiyo kitu. Programu inamtambua mtu mmoja kama mwenye kisiwa, yaani akaunti inayolipa bili. Huyo anaweza kuteua mameneja. Meneja anaweza kumfungia mtu asiingie, kuzima na kuwasha kisiwa, kuchonga ardhi, kurudisha vitu. Jambo moja meneja hawezi: kumwongeza wala kumwondoa meneja mwenzake. Hilo ni la mwenye hati peke yake, yaani huyo huyo mwenye kisiwa. Kwa hiyo hata mkichagua Mtendaji kwa kura 34 kwa 0, kinachomfanya awe Mtendaji ni mwenye hati kubofya jina lake. Asipobofya, mna mtu mwenye kofia tu.

Jingine linalowaponza wengi. Kwenye makundi ya Second Life kuna wadhifa wa juu wa mmiliki wa kundi, na mmiliki hawezi kuondolewa na mmiliki mwenzake. Atoke mwenyewe. Nimeona kikundi kimemchagua rais kwa kipindi cha miezi mitatu, wakampa umiliki wa kundi kama heshima, miezi mitatu ikaisha, rais bado yumo, na hakuna aliyeweza kumgusa. Katiba yao ilisema vizuri sana. Programu haikuisoma.

Kwa hiyo msianze na vyeo. Anzeni na orodha ya vitufe, kimoja kimoja, na mbele ya kila kitufe muandike nani anaruhusiwa kuagiza kibofywe na nani anakibofya.

Kibatari

Mzee nakushukuru. Kundi letu nimelifungua sasa hivi. Wamiliki wako watano. Wawili sijawaona tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Mzee_wa_Matrah

Ndiyo hivyo.

Chapati_Mbili

Niko Minneapolis lakini damu ni ya Kisumu, na kazi yangu ni kuangalia seva zisilale. Naomba nipinge rasimu kutoka pembe nyingine.

Mnasema kila kisiwa kiwe na mtendaji wake. Kwa nini? Kule nyumbani tuna chifu wa lokesheni kwa sababu lokesheni ina umbali. Ng'ombe akiibiwa, mtu lazima atembee afike. Ndani ya Second Life kutoka Mji Mkongwe hadi ufukweni ni kubofya mara moja, sekunde chache umefika. Umbali haupo. Kilicho mbali huko ni saa.

Fikirini lile tukio la milango. Lilitokea usiku wa Afrika Mashariki, sivyo? Hapa kwangu ilikuwa mchana, nilikuwa macho, mtu angeniuliza. Hakuna aliyejua aniulize. Sasa chukueni mhuni anayeingia kumwaga maelfu ya vitu vinavyojizalisha mpaka kisiwa kinakwama. Mtendaji wa ufukweni amelala Temeke. Mtendaji wa Mji Mkongwe yuko kwenye daladala. Mkiwa na watendaji wawili wa visiwa viwili na wote wanalala saa zile zile, mmeongeza vyeo na hamjaongeza ulinzi.

Mimi ningegawa utendaji kwa zamu, si kwa mahali. Mmoja wa Afrika Mashariki, mmoja wa Ghuba na Ulaya, mmoja wa Amerika. Kila mmoja ana mamlaka yale yale juu ya visiwa vyote, kwa saa zake. Hiyo ndiyo serikali ya mtaa ya dunia isiyo na mitaa.

Nanga_Juu

Hapa sasa uzi umenoga.

Mnazi_wa_Pili

Mimi ni mmoja wa hao "watu wa ufukweni". Chapati_Mbili umeongea kama mtu wa seva kweli.

Umbali upo, kaka. Hauko kwenye kutembea, uko kwenye mazoea. Sisi ufukweni tumekubaliana hakuna nyumba ya ghorofa, hakuna taa za kumetameta, muziki unazimwa mtu akisema kuna msiba. Mji Mkongwe wanataka maduka, wanataka watalii wa mtandaoni, wanataka ghorofa tatu. Hiyo ni haki yao. Lakini mtu wa zamu wa Amerika ambaye hajawahi kukaa nasi barazani atajuaje kwamba ngalawa iliyotelekezwa pale pwani si takataka, ni kumbukumbu ya mwenzetu aliyefariki? Ataiona ni vitu 200 visivyo na mwenyewe, atabofya. Tutarudi pale pale pa milango.

Aliyerudisha milango hakukosa usingizi. Alikosa kujua anagusa nini.

Chapati_Mbili

Hii ya ngalawa sikuijua. Pole sana. Hoja imekubalika nusu.

Mzee_wa_Matrah

Nyote wawili mna haki, ila mnazungumzia vitufe tofauti, na ndiyo faida ya kuwa na orodha niliyowaomba.

Wale wa Neufreistadt walikutana na hili hili. Huwezi kuusimamia mji wa Bavaria na mji wa Kirumi kwa kanuni moja ya paa. Kigae cha huku ni uchafu kule. Kwa hiyo mambo ya ujenzi na sura ya mahali yana kwao. Lakini mhuni anayemwaga vitu hana kwao, anaharibu popote.

Mimi hutenganisha vitufe kwa swali moja: nikikosea, inarudi? Kumfungia mtu kunarudi, unamfungulia, unamwomba radhi. Kuzima na kuwasha kisiwa kunarudi, watu watalalamika dakika tano. Kuchonga ardhi kunarudi kama mlihifadhi faili la ardhi, mkisahau hakurudi. Kurudisha vitu kunarudi nusu, muulizeni fundi wenu. Kumnyang'anya mtu kiwanja, hata ukimrudishia, alichokuwa amejenga kimeshang'oka. Na kuhamisha hati ya kisiwa kwenda akaunti nyingine hakurudi mpaka huyo mwingine apende.

Vile vinavyorudi, mpeni mtu wa zamu avitumie peke yake, haraka, bila kuomba mtu, mradi aandike kwenye daftari la wote kabla hajatoka. Vinavyorudi nusu, avitumie kwa idhini ya mtu wa kisiwa husika. Visivyorudi visiwe vya mtendaji yeyote. Viwe vya baraza, kwa kura, na kwa muda wa kusubiri.

Mtendaji_Mstaafu

Mzee wa Matrah hapo umenigusa. Katika kazi yetu tungekuwa na swali hilo moja, nusu ya kesi za viwanja zisingefika kwenye baraza la ardhi la kata.

Usinga

Naongeza kisa kimoja kwa sababu kinahusu mtu wa zamu anayetenda peke yake, na kina zaidi ya miaka 30 sasa.

Kulikuwa na dunia ya maandishi matupu iitwayo LambdaMOO, iliyoanzishwa 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox PARC huko California. Hakuna picha, unasoma tu kwamba uko sebuleni na fulani ameingia. Waliokuwa na ruhusa za juu waliitwa wachawi. Ndivyo walivyojiita, msinipige mawe. Desemba 1992 wachawi walichoka kuamua ugomvi wa watu, wakatangaza kwamba kuanzia sasa wao ni mafundi tu, mambo ya kijamii wakazi wamalizane.

Machi 1993 akaja mtu aliyejiita Mr. Bungle, akatumia programu kuandika matendo machafu kana kwamba avata za wenzake ndizo zinayatenda, akawadhalilisha kijinsia mbele ya watu. Wakazi wakaitisha mkutano. Wengine wakasema afutwe, wengine wakasema hatuna sheria, wengine wakasema hatuna hata mahakama. Mkutano ukaisha bila uamuzi. Baada ya hapo mchawi mmoja, peke yake, akamfuta. Kufutwa kwao kuliitwa kugeuzwa chura.

Wengi walifurahi. Lakini angalieni kilichotokea kiserikali: wakazi hawana chombo, mwenye kitufe hana amri, akabofya kwa dhamiri yake. Curtis alikuwa safarini. Aliporudi akajenga mfumo wa maombi na kura ndani ya programu yenyewe: hoja ikipata sahihi za kutosha inapigiwa kura, na kupita kulihitaji kura mbili za ndiyo kwa kila moja ya hapana, kisha wachawi wanatekeleza. Mwaka 1996 wachawi wakatangaza tena kwamba ile kusema hawaamui mambo ya kijamii haikuwezekana, kwa sababu kila jambo la kiufundi liligeuka la kijamii.

Kwa hiyo msidanganyane kwamba mtakuwa na "fundi tu" anayebofya bila kuamua. Anayebofya anaamua, hata kwa kuchelewa kubofya.

BintiShangani

Kugeuzwa chura. Nitalitumia hilo kwa jirani yangu.

Mzee_wa_Matrah

@Usinga umeleta kisa chenyewe. Ongeza kwamba LambdaMOO walikuwa pia na bodi iliyoamua nani aongezewe nafasi ya kujengea. Hiyo ilikuwa mamlaka ya mtaa hasa: haitungi sheria, haihukumu, inagawa rasilimali moja adimu. Kwenu rasilimali hiyo ni idadi ya vitu. Kila kisiwa kina kikomo chake, kwa miaka mingi kilikuwa 15,000. Kisiwa kuwa kizito na ugomvi wa nani amejaza mizigo ni mambo ambayo bodi ya watu watatu ingemaliza bila hata kumwita Mtendaji. Naona hiyo ndiyo serikali ya mtaa ambayo ufukweni wanaihitaji kweli, kuliko huyo mtu mmoja mwenye cheo.

Mnazi_wa_Pili

Hii naikubali. Sisi hatukutaka mtu wa kupigiwa saluti. Tulitaka asiguse mtu vitu vyetu bila kutuuliza.

Sufuria_Tupu

Mimi wa gemu. Kuna mbili nazijua.

Habitat ya Lucasfilm, miaka ya 1980, ilichezwa kwenye Commodore 64 kupitia laini ya simu. Avata ziliweza kuibiana na kupigana risasi. Watu wakalalamika, wakachagua mkuu wa polisi. Walimchagua kwanza, ndipo mjadala ukaanza, huyu mkuu wetu anaruhusiwa kufanya nini hasa? Kichekesho, ila rasimu ya mleta mada nayo imetaja Mtendaji Mkuu na haijataja kazi yake hata moja.

Nyingine ni A Tale in the Desert, ya 2003. Pale wachezaji humchagua mtu anayeitwa Demi-Farao, na anapewa nguvu ya kuwafukuza wachezaji saba moja kwa moja. Saba tu. Akimaliza, amemaliza. Mimi hupenda hiyo ya kumpa mtu nguvu iliyohesabiwa. Kila anapotaka kuitumia anajiuliza kama huyu anastahili kuwa wa tatu.

Chapati_Mbili

Nguvu iliyohesabiwa! Tuichukue. Mtu wa zamu amfungie mtu kwa saa 72, na ndani ya mwezi mmoja asizidishe, tuseme, watano. Akifika hapo aje barazani aeleze kuna nini.

Ndago

Naomba kuuliza bila kejeli safari hii. Mtu mmoja akifungua akaunti kumi akapiga kura kumi?

Kibatari

@Ndago karibu ndani. Tunahesabu mchango, si avata. Anayelipa mchango ana kura moja, hata awe na avata saba. Inaumiza wasio na uwezo, najua, kwa hiyo kuna mfuko mdogo wa kuwalipia. Hilo tuliliamua zamani na sitaki tulifungue hapa, tutakesha.

Basi nimechukua kila kitu, baraza limeniruhusu niweke rasimu mpya. Nimeiandika kama ninavyoongea.

Hakuna Mtendaji wa kisiwa, na hakuna Mtendaji Mkuu. Kuna walinzi watatu wa zamu, wanaopendekezwa na baraza na kuthibitishwa na wanachama wote, kwa miezi minne. Baraza likitaka kumwondoa mmoja linahitaji wanne kati ya watano. Mlinzi ana umeneja wa visiwa vyote viwili, lakini kwa maandishi anaruhusiwa mambo matatu tu: kumfungia mtu saa zisizozidi 72, kuzima na kuwasha kisiwa, na kuzuia programu zinazojizalisha. Kila akifanya anaandika daftarini siku hiyo hiyo.

Kila kisiwa kina kamati ya watatu inayochaguliwa na wakazi wake. Kamati ndiyo yenye neno kuhusu sura ya mahali na mgawo wa vitu. Hakuna kitu cha mtu kinachorudishwa bila ndiyo ya wawili kati ya hao watatu, baada ya mwenyewe kuandikiwa na kusubiriwa siku saba. Ngalawa ya marehemu imeandikwa kwa jina, haiguswi.

Umiliki wa kundi unabaki kwa akaunti mbili tu, ya mwenye hati na nyingine ya akiba. Hao wawili waliopotea tutawaandikia barua pepe wajitoe. Wasipojitoa tunaanzisha kundi jipya na kuhamia.

Kuchukua kiwanja, kuhamisha hati, kubadili mchango: baraza zima, kura mbili zikiachana siku 14.

Bado kipengele kimoja sijakiandika, cha mwenye hati. Sijui nikiandikaje kwa sababu kila ninachoandika, yeye anaweza kukipuuza na hakuna kitu tutamfanya.

Nahodha_Asiyelala

Mimi ndiye mwenye hati. Nimeusoma uzi wote, nilikuwa najizuia.

Niseme wazi ambayo watu wananisema pembeni. Kadi ni yangu. Kwa miaka mingi kisiwa kamili kilikuwa dola 295 kwa mwezi, 2018 wakashusha hadi 249, na mimi nilishangilia peke yangu chumbani kwa sababu wengine hata hamkujua bei. Mwezi huu wamechanga 19 kati ya 34. Pengo nimeliziba mimi, kama mwezi uliopita. Sidai shukrani. Nasema tu kwamba mnaponiogopa kama sultani, mjue sultani huyu anapika ugali bila mboga tarehe za mwisho wa mwezi.

Linden Lab hawaijui katiba yetu. Wanaijua akaunti yangu. Kibatari ana haki, hakuna maandishi yatakayonizuia. Kwa hiyo nawapa ahadi, na mnihukumu kwa ahadi. Amri ya baraza ikiandikwa daftarini, nitaitekeleza ndani ya siku mbili. Nitakataa kwa sababu mbili pekee: ikivunja masharti ya Linden Lab na kuhatarisha akaunti, au ikigharimu fedha ambayo haipo. Nikikataa nitaandika sababu pale pale. Sitampa mtu umeneja kwa urafiki. Huyu aliyerudisha milango ni mimi niliyempa, alikuwa rafiki yangu, aliniomba tu nikampa. Fundi nimeshamwomba radhi.

Lakini kuna jambo hamkuligusa. Mwaka jana nililazwa wiki mbili na hakuna mmoja wenu aliyejua. Katika hizo wiki mbili msingeweza kumwongeza meneja hata mmoja. Kadi ingekataliwa, visiwa vingefungwa na mngekuja mkakuta bahari. Hiyo akaunti ya akiba iwe kwanza ya mtu mwenye kadi, na niko tayari kujaza fomu ya kuhamishia kisiwa kimoja kwake sasa hivi nikiwa mzima. Kila mmoja awe mwenye hati wa kimoja. Akianguka mmoja, nusu ya mji inabaki.

Mzee_wa_Matrah

Nahodha, miaka yote hii sijaona mwenye hati aliyejitolea kugawa. Kuna mtego mmoja tu: mkigombana nyinyi wawili, mji unakatika katikati, na wa ufukweni watakuwa na wao na wa Mji Mkongwe watakuwa na wao.

Mnazi_wa_Pili

Basi mwenye hati wa ufukweni awe mtu wa Mji Mkongwe, na wa Mji Mkongwe awe mtu wa ufukweni.

Mtendaji_Mstaafu

Huyu binti apewe kazi.

Kibatari

Nimeiandika. Inaingia kwenye rasimu kama ilivyo. Nani ana kadi na moyo wa kuwa wa pili? Nipigieni pembeni, si hapa.

Kura tunapiga Jumamosi hii barazani Mji Mkongwe, saa tatu usiku. Daftari liko kwenye meza ya kahawa, bofya ulisome kwanza.

Chapati_Mbili

Saa tatu ya wapi? Saa ya Second Life ni ya California.

Kibatari

Saa tatu usiku ya Dar. Kwa California saa tano asubuhi, kwako Minneapolis saa saba mchana, Muscat saa nne usiku.

Chapati_Mbili

Saa saba mchana niko kazini. Nitakuja, lakini avata yangu ikisimama kimya barazani msidhani nimekubali.